Pistoni na konrodi za injini ya mbio: uanzie wapi?

SWALI: Habari fundi. Injini yangu ya Nissan, SR20DET, imefunguliwa yote, iko mezani. Nataka kuijenga upya nifunge turbo kubwa kidogo, gari natumia kila siku na mara mojamoja kwenye mashindano. Mmoja kaniambia ninunue pistoni za foji (za kufuliwa kwa kugandamizwa) na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zenye umbo la H basi nimemaliza, mwingine anasema pistoni za foji zinagonga asubuhi na zinakula oili. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujamsikiliza yeyote jiulize injini yako itakufa kwa nini, maana pistoni inauawa na joto pamoja na noki, yaani mlipuko usio sawa ndani ya silinda, na konrodi inauawa na mizunguko mingi ya injini kwa dakika. Turbo ikisukuma presha kubwa halafu petroli au tyuni haipo sawa, mchanganyiko unalipuka vibaya na kuta nyembamba kati ya ringi zinameguka, na hapo pistoni ya kasti, ile ya kumiminwa kwenye kalibu, haina uvumilivu kabisa. Kwa hiyo kwa turbo kubwa kama unayotaka foji ni lazima, hapo sibishani na mtu.

Sasa foji zenyewe si za aina moja na hapa ndipo wengi wanapigwa. Kuna aluminiamu ya aina ya 4032 yenye silikoni karibu asilimia 12, haitanuki sana ikipata moto, kwa hiyo inakaa karibu na ukuta wa silinda na asubuhi inatulia. Kuna 2618 ambayo silikoni yake ni kidogo mno, inahimili kipigo zaidi, inapinda kabla ya kupasuka, ila inatanuka sana ndio maana inaachiwa nafasi kubwa na injini ikiwa baridi utaisikia inagonga mpaka ipate moto. Huyo rafiki yako wa pili alisikia 2618 akadhani ni foji zote! Kula oili mara nyingi kunatokana na nafasi iliyokerezwa vibaya au kuta zisizohoniwa (kusuguliwa kwa jiwe baada ya kuboa) sawasawa. Kwa gari la kila siku lenye presha ya wastani mimi ningechukua 4032, ukitaka kusukuma kwelikweli chukua 2618 na uvumilie kelele za asubuhi. Kompresheni ya kiwandani kwa injini yako ni 8.5 kwa 1, ukikaa kati ya hapo na 9 upo salama.

Na tafadhali nunua pistoni KABLA ya kuboa bloki. Mkerezaji apime kila pistoni mkononi, aboe kwa kufuata karatasi ya mtengenezaji, na wakati wa kuhoni afunge bamba zito juu ya bloki kwa boliti zilizokazwa kama vile hedi ipo, kwa sababu silinda hubadilika umbo hedi ikikazwa. Mwanya wa ringi ya juu nao usiuache kama ulivyotoka kwenye boksi. Silinda yako ni milimita 86, bila turbo mwanya wa karibu 0.34 unatosha ila kwa turbo nenda 0.43 mpaka 0.52, ncha zikigusana kwa joto ringi inakwama na kung'oa kichwa cha pistoni.

Konrodi za H au za I, kiukweli huo ubishi unapewa uzito kuliko unavyostahili. Chuma cha aina ya 4340 kilichotengenezwa vizuri kitafaa kwa umbo lolote, wewe angalia boliti. Boliti inavutwa vibaya zaidi pistoni ikifika juu mwisho wa kutoa moshi, maana hapo hakuna mlipuko wa kuizuia, na mvuto huo unakua kwa mraba wa mizunguko: kutoka 6,000 kwenda 7,500 unaongezeka kwa asilimia 56! Kwa hiyo kaza kwa kupima boliti imerefuka kiasi gani, usitegemee spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) peke yake, nguvu nyingi ya spana inaishia kwenye msuguano wa nyuzi na wa chini ya kichwa cha boliti.

SWALI: Konrodi zangu za zamani hazijapinda, naweza kubadili boliti tu?

JIBU: Unaweza, kama mizunguko haiongezeki sana. Ila boliti mpya zinabana kifuniko tofauti na tundu la beringi linapoteza uduara, kwa hiyo lazima likerezwe upya, na konrodi zipimwe nyufa kwanza. Kama ni zile ambazo kifuniko kilitenganishwa kwa kupasuliwa kiwandani badala ya kukatwa, kila kifuniko kirudi kwenye konrodi yake na upande wake uleule.

SWALI: Kusawazisha uzito kuna maana kweli au ni kuniongezea gharama tu?

JIBU: Kuna maana kubwa. Pistoni zilingane ndani ya gramu 1, konrodi zipimwe ncha kubwa peke yake na ncha ndogo peke yake, jumla tu haitoshi. Halafu peleka na krenki isawazishwe pamoja na flaiwili.