Kabla hujaomba fedha za kutafsiri, shika barua mkononi

Maombi yangu ya kwanza ya ruzuku yalikataliwa kabla jopo halijafungua hata ukurasa mmoja niliotafsiri. Sikuwa nimeambatanisha barua ya mwenye hakimiliki. Ruhusa nilikuwa nayo, ila ya mdomo: mwandishi aliniambia kwa simu, "Tafsiri tu, mwanangu," nami nikaridhika. Kazi ya miezi minne ikaishia hapo. Tangu siku ile sianzi kujaza fomu kabla sijapata karatasi yenye saini. Kama mwandishi ameshafariki, natafuta warithi kwanza, na hilo laweza kula muda kuliko tafsiri yenyewe.

Sisi tunaotafsiri kwa Kiingereza kutoka lugha zilizosukumwa pembeni hatuna pa kuegemea. Anayetafsiri riwaya ya Kifaransa au ya Kinorwe ana nchi nyuma yake. Ufaransa ina Centre national du livre, Norwe ina NORLA, na vyombo hivyo hutoa fedha ili vitabu vya kwao vitafsiriwe nje. Lugha isiyo na serikali ya kuisemea haina mlango kama huo, kwa hiyo fedha inabidi uzitafute kule kitabu kinakokwenda.

Kule milango ipo, ila soma vizuri ni nani anayeruhusiwa kubisha. PEN Translates, mpango wa English PEN (chama cha waandishi cha Uingereza) ulioanza 2012, huombwa na mchapishaji. Hulipia hadi asilimia 75 ya gharama ya tafsiri, na kwa wachapishaji wadogo yaweza kufika 100. Kama bado huna mchapishaji, usikeshe hapo. Mfuko wa PEN/Heim, ulio chini ya PEN America, chama kama hicho cha Marekani, huombwa na mfasiri mwenyewe. Ulianza 2003 kwa zawadi ya zaidi ya dola 700,000 kutoka kwa mfasiri Michael Henry Heim na mkewe Priscilla, waliotaka majina yao yafichwe. Watu walikuja kujua baada ya Heim kufariki mwaka 2012. Nikichoka, huwa nawakumbuka hao wawili.

Ukishapata mlango, nguvu zako zote zipeleke kwenye kurasa za mfano. Mara nyingi hakuna hata mmoja kwenye jopo anayesoma lugha yako, kwa hiyo kitabu kizima watakijua kwa kurasa hizo chache. Usichague sura ya kwanza kwa sababu tu ni ya kwanza. Chagua pale ambapo sauti ya mwandishi imekolea.

Na usigeuke mwalimu. Kwenye kurasa za maombi yangu mengine kulikuwa na neno moja lenye maana ya ukimya wa watu waliogombana lakini bado wanakula meza moja. Nililiwekea tanbihi ya mistari sita. Rafiki yangu mhariri akaniuliza, "Huyu mama anafanya nini hapo?" Nikarudi kwenye matini: anampitishia mumewe chumvi bila kuinua macho. Chumvi ile ilikuwa imeshasema yote. Nikafuta tanbihi, na maombi hayo ndiyo yaliyopita.

Kuna jambo la bajeti ambalo linaniuma. Wengi huhesabu maneno, wakazidisha kwa bei, wakafunga. Yule mzungumzaji wa lugha aliyekaa nawe jioni nzima kukufafanulia methali, kwa sababu hakuna kamusi inayoitaja, hayumo kwenye hesabu hiyo. Mimi nimewahi kuwa mtu huyo. Nilimwandalia mshairi asiyejua lugha yangu rasimu nzima ya neno kwa neno, na kitabu kilipotoka jina langu halikuwemo hata kwenye shukrani. Tuzo ya Kimataifa ya Booker, ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, hugawa pauni zake 50,000 nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mfasiri, na mwaka 2025 ilikwenda kwa kitabu cha Kikannada, lugha ya kusini mwa India, kwa mara ya kwanza. Kama tunafurahia mgawo huo, basi na sisi tugawe huku chini.

Siku hizi bajeti yangu ina mstari unaosomeka "msomaji wa lugha asilia", wenye siku zake na malipo yake, na kwenye mkataba naandika jina lake litachapwa wapi. Mfadhili mmoja aliwahi kuuliza kama mstari huo ni wa lazima. Nilimtumia kurasa mbili, moja ya kabla ya msomaji huyo kuipitia na nyingine ya baada yake. Alilipa.