Barua kwa mwanangu: onja maji kwanza, ndipo ununue miche

Mwanangu,

Umeniuliza mambo matatu: upande nini mbele ya nyumba, kwenye ule uwanja wa mita 12 kwa 9 hapo Kigamboni, kama ununue miche ya parachichi ya Hass uliyoahidiwa, na kwa nini mlimau wa nyuma unaungua ncha za majani ilhali unaumwagilia kila jioni. Naanza na la mwisho, maana hayo mengine yanategemea jibu lake.

Mlimau huo hauna kiu, umelishwa chumvi. Onja maji ya kisima chako. Ikiwa ulimi unaijua chumvi, mlimau ulikwishaijua zamani. Dalili yake huanza kwenye majani makongwe: ncha zinakauka, kisha kingo, mwishowe jani linadondoka. Ukiona majani machanga yamekuwa njano na mishipa imebaki kijani, hilo ni jambo jingine, ni upungufu wa madini ya chuma. Usiyachanganye hayo mawili ukaenda kununua mbolea, kwa sababu mbolea ya dukani nayo ni chumvi.

Kumwagilia kidogo kidogo kila jioni ndiko kunakouua. Maji yanakauka, chumvi inabaki juu palepale penye mizizi. Mpe lita 20 hadi 30 kwa mara moja, kila baada ya siku tatu au nne, ili yashuke na kuisukuma chumvi chini. Mchanga wa huko unapitisha maji vizuri. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 10, lakini ziache shina kwa upana wa kiganja, la sivyo gome linaoza na mchwa wanapata pa kujificha.

Bora zaidi ni maji ya paa. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 linatoa karibu lita 1,000. Weka tangi la lita 5,000, ukilijaza masika. Miche mitatu kwa lita 20 mara mbili kwa wiki inakula lita 120, kwa hiyo tangi hilo linaivusha miezi tisa.

Hass usinunue. Huo ni mti wa nyanda za juu, ndiyo maana unastawi Njombe na Rungwe. Joto la pwani haliupendezi, na miongoni mwa miti ya matunda mparachichi ni dhaifu sana mbele ya chumvi. Muuzaji atakuonyesha mche wenye tunda kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea. Tunda hilo ni chambo tu, mche umelizaa kwa kujinyima mizizi.

Mbele panda mwembe mmoja wa kubebesha, yaani uliounganishwa juu ya shina la mwembe mwingine, mmoja tu, mita 5 kutoka ukuta wa nyumba na mbali na karo. Kitaluni chagua mche mfupi wenye shina nene; kovu la kiungo liwe limefunga pande zote. Geuza kiriba: mizizi minene ikiwa imetoka chini au imejizungusha kama kamba, uache, hautakuja kushika ardhi vizuri. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande kabla ya masika, udongo wa juu uuweke peke yake. Uchanganye na ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyooza kabisa (ikiwa bado ina joto, inaunguza mizizi), kisha urudishe. Kiungo kibaki juu ya udongo sentimita 15 au zaidi. Chochote kitakachochipua chini ya kiungo king'oe, hata kama kinapendeza, kwani hicho ndicho kinachoumeza mwembe ulioulipia. Maua ya miaka miwili ya mwanzo yavunje. Mwembe ukifika urefu wa mita moja, kata kilele upate matawi matatu au manne, halafu kila baada ya mavuno pogoa usizidi mita 4. Mwembe mchanga nao huchukia chumvi, kwa hiyo maji ya tangi yawe yake kwanza.

Penye jua kali kabisa weka mkomamanga. Unavumilia ukame na chumvi kuliko hiyo mingine. Bakiza mashina matatu. Matunda yakipasuka kabla ya kuiva, ujue uliusahau wiki mbili kisha ukaugharikisha.

Mipapai iende nyuma, pasipotuama maji, maana ikikaa kwenye dimbwi siku mbili tatu mizizi inaoza. Panda miche mitatu kila shimo. Ikitoa maua utaijua: dume maua yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu, jike yameshikamana na shina. Hapo ndipo ung'oe, ubakize jike moja kila shimo na dume moja kwa uani kote.

Maua ni rahisi, watu huyaharibu kwa huruma. Bogenvilia ya getini ukiimwagilia na kuitilia samadi itakupa majani na miiba. Iache ikauke kidogo, itachanua. Kata kipande chenye unene wa penseli, sentimita 20, ukichomeke mwanzo wa mvua. Asumini iweke kwenye chungu karibu na dirisha la chumbani, inywe maji ya mvua. Waridi la jangwani linataka chungu chenye tundu, mchanga sehemu mbili na udongo moja, na masika ulisogeze barazani lisioze.

Mtini wa mapambo kando ya ukuta sitaki kuusikia: mizizi yake inanyanyua sakafu na kuingia kwenye mabomba. Oleanda pia hapana, mti mzima ni sumu na wajukuu wangu bado wanatia kila kitu mdomoni. Minyaa ya ua, kama ipo kwa jirani, wakataze wasiivunje. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali.

Nipimie umbali kutoka karo hadi ukuta wa mbele, nikuambie mwembe usogee upande gani. Msalimie mkwe wangu.

Mama yako