Barua kwa mwanangu: michezo ya 2023 inayochezwa 2024

Babati, 14 Machi 2024

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara mbili kwa ajili ya swali, na mara ya tatu kwa sababu mama yako alitaka kusikia kama umekonda. Unasema chuoni hapo Legon, Accra, kumejaa wanamichezo, kila ukuta una bango la "Accra 2023", na ulipomuuliza kijana anayeuza fulana mbona sisi tuko 2024, alicheka tu. Ukaniuliza mimi: hii Michezo ya Afrika ni kitu gani hasa, na imekuwaje hata mwaka wake wakaukosea?

Mwanangu, hilo swali umemletea mwenyewe. Nimepeleka watoto UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, miaka thelathini na kitu, najua maana ya kupangiwa Juni ukaenda Septemba. Mwaka mmoja tulikaa na mabegi chini ya mwembe wa shule tangu alfajiri. Lori tuliloahidiwa lilifika siku ya pili yake, tena likiwa limebeba vitunguu. Tukavikalia vitunguu hivyo mpaka Arusha, na timu yangu ya netiboli ikaingia uwanjani ikinuka kachumbari. Tulishinda, lakini hayo ni mengine.

Kwa hiyo mwaka kukosewa hakunishangazi. Linalonishangaza ni kwamba haukukosewa mara nyingi kama watu wanavyodhani.

Wazo lenyewe ni la zamani. Pierre de Coubertin, yule Mfaransa aliyefufua Olimpiki, alitaka Afrika iwe na michezo yake tangu miaka ya 1920. Kule Alexandria, Misri, wakajenga kabisa uwanja kwa ajili ya michezo ya 1929. Uwanja ukakamilika, michezo haikufanyika. Wakoloni waliikatalia dakika za mwisho, maana kuwakusanya vijana wa Kiafrika mahali pamoja, wakimbie na kushinda na kupigiwa makofi, waliona ni kujitafutia balaa. Uwanja ungalipo, mpira unachezwa humo hadi leo.

Ikabidi kusubiri uhuru. Kwanza kulikuwa na Michezo ya Urafiki, zaidi ya nchi zinazosema Kifaransa: Madagaska 1960, Abidjan 1961, Dakar 1963. Kutoka hapo ndipo ikazaliwa hii ya bara zima, Brazzaville, Julai 1965, nchi kama thelathini. Kipchoge Keino wa Kenya alichukua mita 1500 na 5000. Kwenye mpira, wenyeji Congo na Mali walimaliza fainali bila bao. Unajua bingwa walimpataje? Walihesabu kona! Congo walikuwa na kona nyingi zaidi, wakapewa dhahabu. Kila mara nilipowafundisha wanafunzi hilo walidhani natania.

Mwaka uliofuata, kule Bamako, likaundwa Baraza Kuu la Michezo la Afrika, makao yake Yaoundé, katibu mkuu wake wa kwanza akiwa Jean-Claude Ganga wa Congo. Ndiyo sauti iliyokuja kuongoza Waafrika kususia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, na Tanzania tukiwamo. Baadaye sana, 1999, huyo huyo Ganga alifukuzwa kwenye Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kwa kashfa ya rushwa ya Salt Lake City. Binadamu mmoja, mambo yote hayo mawili.

Sasa angalia miaka ilivyoanza kuteleza. Michezo ya pili ilikuwa ifanyike Bamako 1969. Novemba 1968 jeshi likampindua Rais Modibo Keïta wa Mali, michezo ikafa. Ikahamishiwa Lagos, nayo Nigeria ilikuwa vitani na Biafra, jimbo lake lililotaka kujitenga. Mpaka vumbi litulie, ikawa Januari 1973. Miaka saba na nusu tangu Brazzaville.

Hapo Lagos ndipo na mimi ninapoingia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Redio kijijini kwetu ilikuwa moja, ya mwenye duka, nayo ilikaa juu ya gunia la sukari imefunikwa kitambaa cha kufuma. Jioni ile Radio Tanzania ikasoma kwamba Filbert Bayi wetu ameshinda mita 1500 na Keino amekuwa wa pili. Mwenye duka akasema msomaji amepindua majina. Keino, bingwa wa Olimpiki wa Mexico na wa Munich, apitwe na mtoto wa Karatu wa miaka kumi na tisa? Tukangoja taarifa ya saa mbili usiku. Ikarudia vilevile. Mwenye duka akanyamaza, halafu akatugawia sisi watoto peremende moja moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tena mpaka anafariki.

Mwaka mmoja baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, Bayi aliongoza mita 1500 mwanzo mpaka mwisho na kuvunja rekodi ya dunia, 3:32.16. Ulimwengu unaikumbuka Christchurch. Kwangu mimi yote yalianzia Lagos, na ndiyo maana nilisomea ualimu wa michezo badala ya kilimo kama babu yako alivyotaka.

Algiers wakafanya 1978. Kisha miaka tisa ya kimya, hadi Nairobi, Agosti 1987. Wachina walikuwa wamewasaidia Kenya kujenga uwanja wa Kasarani, na mimi na mwalimu mwenzangu tukapanda basi kupitia Namanga na akiba yetu yote. Tuliona siku mbili za riadha. Nakumbuka zaidi viti: vipya, vinang'aa, na mzee mmoja pembeni yangu akatandika gazeti kabla ya kukaa ili asikichafue. Fedha ilipokwisha tukageuza. Fainali ya mpira, Kenya na Misri, tuliisikilizia kwenye hoteli ya chai pale mpakani. Misri wakashinda 1-0. Mhudumu alizima redio kabla mtangazaji hajamaliza kusema, na hakuna aliyemlaumu. Tulikunywa chai kimya, Watanzania na Wakenya, kama watu wa matanga.

Ndipo linakuja lile ninalotaka ulijue. Tangu Nairobi, mwaka haukuteleza tena: Cairo 1991, Harare 1995, ambako Afrika Kusini waliruhusiwa kwa mara ya kwanza, Johannesburg 1999, Abuja 2003, Algiers 2007, Maputo 2011, Brazzaville 2015, Rabat 2019. Hesabu mwenyewe, kila miaka minne, miaka thelathini na miwili. Kilichokuwa kinahama ni mahali. Michezo ya 2011 ilikuwa ya Lusaka, Zambia wakaona mfuko hautoshi, Msumbiji wakaibeba. Ya 2019 ilikuwa ya Malabo, Guinea ya Ikweta, ikaishia kwa Morocco, waliokuwa wamerudi Umoja wa Afrika miaka miwili tu nyuma. Kila mara mwenyeji alipoinua mikono, alipatikana mwingine wa kupokea mzigo. Wanaosema sisi hatuna ratiba hawajawahi kuketi na kuhesabu.

Accra wamefanya kinyume. Mahali pamebaki, mwaka ndio umeteleza, kutoka Agosti hadi Machi. Sababu moja ni uchumi wa Ghana, nao unaujua kuliko mimi, maana ndiwe unayenunua mkate huko. Ila ipo na sababu nyingine, ya wenye michezo wenyewe. Baraza Kuu la Yaoundé lilivunjwa 2013 na kazi zake zikaingia Umoja wa Afrika. Leo Umoja wa Afrika ndio mwenye mali. ANOCA, ule muungano wa kamati za Olimpiki za nchi zetu, wamo kwenye uendeshaji. Mashirikisho ya kila mchezo nayo yana lao: waamuzi, kanuni, ratiba za mashindano. Haki za matangazo na za biashara zikizungumzwa, kila mmoja anavuta kamba. Wahenga walishasema kuhusu manahodha wengi, sina la kuongeza. Jina "2023" limebaki kwa sababu ndilo lililokuwa limeshapewa, kama watu wa Olimpiki ya Tokyo walivyobaki na 2020 yao wakakimbia 2021. Hao hakuna aliyewacheka.

Kinachoniuma mimi si mwaka. Ni kwamba nchi nyingine hupeleka timu ya pili, nyota wao wakiwa wanajiwekea nguvu kwa mashindano ya Ulaya yenye dola. Siwalaumu wakimbiaji, miguu ina miaka michache. Lakini Keino alikuja Lagos akiwa na dhahabu mbili za Olimpiki nyumbani. Asingekuja, Bayi angemshinda nani?

Ukipata ratiba, nenda siku ya mita 1500. Usikae kwenye mstari wa kumalizia, huko utaona migongo ya wapiga picha. Kaa kona ya mwisho, wanapobakiwa na mita kama mia na hamsini. Hapo ndipo utaona uso wa mtu anayejua kwamba amepitwa, kabla yeye mwenyewe hajakubali.

Na yule kijana wa fulana, ninunulie moja, saizi kubwa. Akikuletea yenye 2024, irudishe.

Mama yako anasema sauti yako imekonda.

Baba yako