Kupasha mwili kabla ya kupanda steji: maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii karibu kila mtu kauliza kuhusu maigizo ya papo kwa papo, yale ya kupanda bila skripti, watu wanawapa neno moja alafu nyinyi mwaanza. Nimechukua manne.

*Kaka, kupasha kwa nini na sisi si wachezaji mpira? Tukijiandaa si itakuwa si papo kwa papo tena? (Kijana wa Langoni, Lamu)*

Mdogo wangu, hamjiandai cha kusema, mnajiandaa kusikia. Mwenye skripti hata akiingia amezubaa maneno yake yapo palepale, lakini wewe huna kitu isipokuwa kile mwenzako ametoka kusema sasa hivi, na mtu aliyeshinda kazini jua kali, simu haijatulia, kichwani deni la duka, huyo anakuangalia tu, hakusikii. Na hii si fikra yangu peke yangu. Viola Spolin wa Chicago ndiye aliyebuni michezo mingi inayotumika mpaka leo kwenye fani hii, na aliitoa akifanya kazi na watoto mitaani, wengi wao watoto wa wahamiaji, kwa hivo ni michezo ya kuchezwa kweli, haina hotuba. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa mmoja wa walioanzisha Second City, kundi la vichekesho vya papo kwa papo kulekule Chicago, mwaka 1959. Simameni duara, mmoja atupe sauti na kidole kwa mwenzake, yule adake atupe kwa mwingine, haraka haraka. Au chukueni michezo yetu, hata ukuti ukuti yafaa, bora kila mtu awe anamwangalia mwenzake. Dakika kumi hadi kumi na tano zatosha kabisa, msijichoshe, hasa wakati wa kaskazi na joto lile mtapanda mmelowa jasho hamna pumzi.

*Mimi nafanya kazi Mokowe, nikishuka kwenye boti wenzangu washamaliza kupasha. Nipande tu? (Mchelewaji, Lamu)*

Usipande kavu. Waambie wenzako wabakishe raundi moja yako, dakika mbili tu, kila mmoja akutazame akutajie jina lake la usiku ule. Ikiwa kila wiki ni hivo basi sogezeni onyesho lianze baada ya Isha, kuliko mmoja wenu kuwa mgeni kwenye kikundi chake mwenyewe.

*Kaka, nimeona vikundi vya nje kabla ya kupanda wanapigana migongo, kila mtu anamwambia mwenzake niko nawe. Sisi tuko wasichana na wavulana, wengine hatutaki kuguswa, na viongozi wasema ndio desturi ya sanaa. (Dada wa Malindi)*

Dadangu, hapa nasema wazi: asikulazimishe mtu. Ni kweli desturi hiyo ipo, Marekani waigizaji wengi wanaifanya, na maana yake ni nzuri sana, kwamba ukikwama pale mbele sitakuacha. Lakini maana iko kwenye ahadi, si kwenye mkono. Simameni mtazamane machoni mmoja mmoja, mseme "niko nawe", basi, imefika. Na niwaambie viongozi, msichana aliyeguswa hataki akapanda amejikunja hatawapa kitu, atakuwa anajilinda onyesho zima, sasa mmempasha nini? Muulizeni kila mtu kabla, na anayekataa asiulizwe sababu.

*Tukipasha tunachekana mpaka machozi, tukipanda hakuna kitu. Tuache? (Kikundi cha Shela)*

Msiache, badilisheni. Hapo mmefanya onyesho zima bila watu, vichekesho vimeishia nyuma ya pazia, alafu jukwaani kila mtu anajaribu kurudisha kile kilichochekesha, na hakirudi. Keith Johnstone, mwalimu aliyeanzia London akahamia Calgary kule Kanada, alikuwa hataki wanafunzi wajikaze kuwa wajanja, aliwataka waseme kile cha kwanza kilicho wazi. Kwa hivo pasheni kwa michezo isiyo na maneno, makofi, kutembea pamoja na kusimama pamoja bila mtu kutoa amri. Hadithi msianze kabisa. Sauti nayo mwisho: vuma midomo imefungwa, kisha kile kitanza ndimi, "wale watu wa Liwale hula wali", taratibu alafu mbio mpaka ulimi ulegee. Kunyweni maji, soda iwekeni ya baadaye, manake gesi inarudi mbele ya maiki.