Mashine Inalia, Boti Haiendi: Tafuta Kwanza Kinachoteleza

Mashine ya boti inawaka, gia inaingia, boti inaondoka vizuri. Ukiongeza resi mlio unapanda ghafla kana kwamba propela iko nje ya maji, na boti haiongezi mwendo. Ukipunguza, inashika tena. Ufukweni utaambiwa giaboksi imekwisha. Mara nyingi siyo; kinachoteleza ni bushi iliyo ndani ya propela. Na giaboksi ikifunguliwa bila sababu kwenye mchanga, usishangae maji yakiingia palipokuwa pakavu.

Kwenye propela nyingi za mashine za HP (nguvu farasi) 9.9 kwenda juu, kati ya mapanga na shafti kuna bushi ya mpira iliyoshindiliwa kwa nguvu. Katikati ya bushi kuna bomba la chuma, aghalabu shaba, lenye meno yanayokamata meno ya shafti. Bushi ndiyo inayopokea kishindo: propela ikigonga jiwe maji yakiwa yamekupwa, mpira uteleze ili gia zisivunjike. Lakini mpira ukishateleza mara moja, unasuguliwa, unapata moto na kuwa laini. Tangu hapo unabeba mzigo mdogo tu. Ndiyo maana mwendo wa polepole hauonyeshi tatizo, na ndiyo maana kuizungusha propela kwa mkono hakukuambii kitu. Mkono hauna nguvu ya kutosha kuutelezesha.

Kipimo cha kuaminika ni alama. Chomoa nyaya za plagi, weka gia huru, kisha zuia propela kwa kipande cha ubao kati ya panga na bamba lililo juu yake. Nyoosha kotapini (pini inayozuia nati isilegee) uichomoe, fungua nati. Ukiona shafti inazunguka na nati ilhali propela imebanwa, jibu umeshalipata: bushi imekufa kabisa. Kama siyo, kwaruza kwa msumari mstari mmoja unaoanzia kwenye bomba la kati, upite juu ya mpira, uishie kwenye chuma cha propela. Kalamu na rangi hufutika. Rudisha vitu vyote, nenda majini na mzigo wa kawaida, piga resi kamili dakika chache, kisha fungua tena. Mstari ukiwa umekatika na vipande vimeachana, bushi imeteleza.

Mstari ukibaki umenyooka, angalia hewa. Propela ikivuta hewa nayo hupandisha mlio vilevile, hasa kwenye kona na kwenye mawimbi. Pima bamba la juu ya propela: liwe sawa na chini ya boti kwenye tezi, yaani nyuma inapofungwa mashine, au chini yake kwa kama sentimita 2.5. Mashine ya shafti fupi kwenye tezi ndefu haitaacha kulia hata uinunulie propela tano. Tazama pia mwani, kipande cha wavu, au panga lililopinda.

Gia ina dalili zake. Bushi mbovu huteleza kwenye gia ya mbele na ya nyuma pia, kwa ulaini. Gia iliyolika meno hupiga ka-ka-ka au huruka yenyewe chini ya mzigo, na mara nyingi upande mmoja tu. Kwanza kagua urefu wa fimbo ya gia, kwa sababu gia isiyoingia hadi mwisho hujila yenyewe. Kisha mwaga oili ya giaboksi: ujiuji wa kijivu kwenye sumaku ya skrubu ya kumwagia ni wa kawaida, vipande vinavyoonekana kwa macho si vya kawaida.

Zile mashine ndogo sana, za HP 2 au 3, nyingi hazitegemei bushi bali pini inayokatika. Hapo kazi ni ya dakika kumi. Weka pini ya kiwango chake, usiweke msumari wala kipande cha kekee.

Bushi ikiwa mbovu, kuna njia mbili tu: propela nyingine yenye namba zilezile zilizopigwa juu yake (kwa mfano 9¼ x 9¾, upana wa propela na mwinamo wa mapanga, kwa inchi), au kushindilia bushi mpya kwa presi. Mpira unapoingia upakwe maji ya sabuni, kamwe si oili wala grisi, kisha ulale mpaka kesho yake kabla ya kubebeshwa mzigo. Kutoboa na kufunga boliti kati ya bomba na propela kunafanya kazi, tena vizuri sana, mpaka siku ya jiwe. Siku hiyo kishindo chote kinaingia kwenye gia. Ukiwa mbali na pwani, punguza resi mpaka ishike, urudi hivyo hivyo.

Wakati wa kurudisha, paka meno ya shafti grisi ya baharini. Anza na washa nene ya mbele. Ikisahaulika, propela inasogea mbele na kusugua giaboksi. Kaza nati, linganisha tundu lake na la shafti, weka kotapini mpya isiyoshika kutu. Na kabla propela haijarudi, tazama nyuma yake: mshipi wa kuvulia ukijizungusha kwenye shafti hukata sili ya oili (mpira unaozuia oili isitoke na maji yasiingie). Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia, na sili ibadilishwe kabla ya safari nyingine.