Kwa wakalimani wapya wa vikao vya IEP (mpango wa masomo wa mtoto mwenye ulemavu katika shule za Marekani), kabla hamjarudia ya kwangu

Juzi nilikaa nyuma ya chumba kumsindikiza mkalimani mpya, wiki yake ya tatu kwenye distrikti ya shule. Mtoto alikuwa amesimamishwa masomo mara kadhaa hadi siku zikavuka 10 za shule, kwa hiyo ilibidi timu ikae iamue kama kosa lake limetokana na ulemavu wake. Mnajua jina la kikao hicho, lina neno manifestesheni ndani yake. Mdogo wangu yule wa kazi, ambaye Kiswahili chake ni cha kusifiwa, akamgeukia mama akasema, "Leo tunataka kujua kama mtoto ana manifestesheni." Mama ni mtu wa mikesha ya maombi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mumeona pepo?"

Sikucheka mle ndani. Nilicheka garini, peke yangu, halafu nikakumbuka yangu na kicheko kikakatika. Ndiyo maana naandika.

1. Saini za mzazi ni mbili. Ya kwanza inakubali mtoto apimwe, ya pili inakubali huduma zianze. Siku 60 zinahesabiwa tangu distrikti ipokee ile ya kwanza (jimbo lenu likiwa na hesabu yake, fuateni ya jimbo), na mtoto akikutwa anastahili, kikao cha IEP kiwe ndani ya siku 30.

2. Ndugu wa mtoto hakalimani. Hata dada mtu wa darasa la 11 mwenye Kiingereza cha redioni. Hasa huyo. Niliwahi kuchelewa dakika kumi nikamkuta binti ameshaanza kazi; mwalimu akamaliza ukurasa mzima kuhusu kaka yake anavyopiga wenzake, binti akamwambia mama, "Wanasema anaendelea vizuri."

3. Kiswahili chenu kipimeni kwa anayekisikia. Mimi wa Morogoro nilimuuliza mzee mmoja wa Uvira, Kongo, kama bibi ya mtoto anaishi nao. Kwao bibi ni mke. "Mutoto wa miaka munane, bibi ya wapi?" Alitaka kuondoka, na angekuwa na haki.

4. Msitamke "elimu maalumu" kisha mkanyamaza.

Hapa mnivumilie.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza. Mama mmoja wa Fizi, Kongo, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka 14 kabla ya kuletwa Marekani, mwanawe yuko darasa la tatu. Mwanasaikolojia wa shule alisoma ripoti kama mtu anayekimbizwa, nami nyuma yake nahema. Tulipofika kwenye jambo lenyewe nikatoa neno nililolelewa nalo, neno la wizara kabisa: elimu maalumu. Mama akatabasamu. Nikaendelea: darasa dogo, mwalimu wa kumfuatilia, malengo yake peke yake. Akazidi kutabasamu. Alitia saini karatasi haijatulia mezani. Nilirudi nyumbani najipongeza kwa kupata mzazi mwelewa hivyo.

Baada ya mwezi akanialika kwake Jumamosi. Kanuni zetu zinakataza. Nilikwenda, nilikuwa na hamu ya sombe, kisamvu cha Kikongo. Nyumba ilijaa watu wa kanisa, fufu, samaki, soda. Niko na tonge mkononi, mchungaji akasimama akamshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto huyu, ambaye Amerika imeiona akili yake ikamchagua kwenda kusoma na watoto maalumu. Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia.

Kambini alikuwa akisikiliza redio za Tanzania. Shule za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, huko wanakokwenda vichwa. Kati ya wote tuliokaa kwenye kile kikao, Mtanzania nilikuwa mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyesahau.

Sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ya 1975, tunayoiita IDEA tangu 1990, hairidhiki na jina la mzazi chini ya karatasi. Ridhaa kwake ni mzazi kuelezwa yote kwa lugha yake, akaelewa, ndipo akakubali kwa hiari. Nilichowapelekea distrikti siku ile kilikuwa wino mtupu.

Na nilinyamaza wiki tatu. Niliogopa kufukuzwa, lakini zaidi niliuogopa uso wa yule mama. Nikajiambia huduma zinamfaa mtoto hata hivyo, mama ataelewa polepole. Usiku tonge lile linarudi kooni. Mwishowe nikamwendea msimamizi wa kesi nikamweleza yote, mpaka sombe. Akaitisha kikao upya na kuleta mkalimani mwingine, ilivyopaswa. Nikaomba nikae niseme langu kwanza.

Nikamwambia mama kwamba hakuna aliyechaguliwa. Kusoma kunamshinda mwanao kuliko wenzake, na tulifikiri umesikia hivyo. Alinyamaza mpaka mwanasaikolojia akatazama saa. Kisha akasema, "Miye nilijuaka iko na shida. Ni miye nilimuzala. Mungeniuliza tu."

Akaanza kusimulia: homa ya utotoni, miaka miwili mtoto hajakanyaga masomo, maneno anayoyasahau hata kwa Kibembe cha nyumbani. Yote hayo timu ilikuwa ikiyahitaji tangu mwanzo, kwa kuwa sheria inakataza kumhesabu mtoto kuwa na ulemavu ikiwa sababu kubwa ni kukosa kufundishwa au kutojua Kiingereza. Hakuna aliyemuuliza. Mzazi anayetabasamu anaharakisha kikao. Mtoto alipimwa tena, akakutwa anastahili kweli, ila malengo mengi yakaandikwa upya. Mama alisaini baada ya saa mbili na maswali 17. Niliyahesabu.

Siku hizi, neno hilo likija, nasimamisha kikao, nasema wazi kwa Kiingereza kwamba kwa Kiswahili linaweza kueleweka kinyume, na naomba mwalimu alieleze kwa urefu. Halafu amwombe mzazi arudie kwa maneno yake alichosikia. "Ndiyo" ya mama wa Kikongo mbele ya watu wenye vitambulisho shingoni ni adabu, msiihesabu kuwa jibu.

5. Kijitabu cha haki za mzazi si chenu kukieleza. Mwalimu akieleze, nanyi mkalimani. Akisema tu "saini hapa kwamba umekipokea," kalimanini hivyohivyo, polepole, mpaka aone aibu.

6. Msiulize makaratasi ya uhamiaji, hata kwa nia njema. Tangu kesi ya Plyler ya 1982 katika Mahakama Kuu ya Marekani, shule haiwezi kumnyima mtoto masomo kwa ajili hiyo, na mzazi aliyeulizwa harudi.

Yule mama wa pepo tulimweleza upya, kwamba watu hawa wanaamua kama kosa la mtoto limeletwa na ulemavu wake. Akasema hilo angewaambia kwa simu. Timu ikakubaliana naye, mtoto akarudi darasani kwake. Mdogo wangu ana kikao kingine Jumanne saa tatu asubuhi. Nitakaa nyuma tena.