Kuendesha amri mojamoja ukiwa ndani ya Vim

Mdogo wangu wa Masasi, umesema una faili la amri za kupanga stakabadhi za korosho za msimu, na umechoka kunakili kila mstari kwenda kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Huna haja ya kutoka Vim, kihariri cha maandishi ulichofungulia faili hilo.

Weka kishale kwenye mstari unaoutaka, andika `:.w !bash`, bonyeza Enter. Mstari huo pekee utaendeshwa na bash, programu inayotekeleza amri, na majibu utayaona chini. Ukitaka mistari kadhaa, bonyeza V, ichague, kisha andika `:w !bash`, Vim yenyewe itaongeza `'<,'>` (alama za mistari uliyochagua) kati ya `:` na `w`. Faili zima ni `:w !bash` bila kuchagua kitu.

Sasa hapa nakuomba uwe makini sana: nafasi inakaa kabla ya alama ya mshangao. Ukiandika `:w! bash`, hakuna kitakachoendeshwa, ila utakuta faili jipya linaitwa bash. Mimi nilikesha usiku mzima hapa Lindi nikitafuta kosa kwenye amri zangu, kumbe ni nafasi hiyo tu.

Jambo jingine: kila mara inafunguka bash mpya. Ukiendesha mstari wa `cd korosho` (kuingia folda ya korosho) peke yake, unaofuata hautakuwa ndani ya folda hiyo. Ichague yote miwili pamoja.

Na kwa mistari yenye `mv` (kuhamisha faili) au `rm` (kufuta), tanguliza `echo` kwanza, ambayo huonyesha tu maandishi ya amri bila kuitekeleza, usome majina yatakayoguswa. Stakabadhi za wakulima zikipotea, kuzipata tena ni kazi.